Kutoka jedwali hadi ramani: Excel, Google au QGIS kwa mtu wa Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, huku Kongo ya Kinshasa, una komini (sehemu za utawala wa mji) saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Mtu akiziandika hivyo katika safu moja ya jedwali, kisha akaiagiza programu imchoree ramani, ameshaitegea mitego mitatu bila kukusudia. Kwa programu inayotafuta mahali kwa jina, Kenya ni nchi yenye Nairobi na Mombasa, wala si komini inayopakana na Kamalondo. Lubumbashi nayo ni mji mzima, si komini moja iliyo ndani yake. Annexe haipo popote, kwani kwa Kifaransa ni neno la kawaida la kitu kilichoongezwa pembeni. Hivyo, kati ya mistari saba, mitatu iko hatarini kupotea kabla rangi ya kwanza haijapakwa.

Nimeanza na mfano huu kwa kuwa ndio unaoamua, kuliko uzuri wa rangi au wingi wa vitufe, programu ipi imfae mtu wa huku anayetaka kugeuza jedwali lake kuwa ramani. Programu zenyewe ziko za namna mbili. Zipo zinazokuuliza jina la mahali, kisha zikaenda kulitafuta zenyewe katika hazina iliyo mbali, kwa njia ya intaneti. Na zipo zisizotafuta chochote: ni wewe unayezipatia mipaka au nukta, nazo huchora kile zilichopewa. Ramani ya kujaza rangi ya Excel na chati ya ramani ya Google Sheets ni za namna ya kwanza. QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, ni ya namna ya pili. Ramani ya pande tatu ya Excel na Google My Maps zimesimama mguu mmoja huku na mguu mwingine kule.

Kipengele kilichoingia, kikatolewa, kikarudishwa

Lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, ilitangulia muda mrefu kabla ya ramani zake. VisiCalc ilitoka mwaka 1979, Lotus 1-2-3 mwaka 1983, Excel mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh na 1987 kwa Windows. Zote zilijua kujumlisha, na zilizoifuata VisiCalc zilijua pia kuchora chati, lakini hazikujua mahali. Ramani ilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1990, pale Lotus 1-2-3 toleo la 5 lilipokuja nayo mwaka 1994, na mwaka uliofuata Excel 95 ikaja na kipengele kilichotengenezwa na MapInfo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 katika mji wa Troy, jimbo la New York. Kipengele hicho kiliendelea hadi Excel 2000, kisha katika Excel 2002 kikaondolewa. Wakati huo Microsoft ilikuwa imeshaanza kuuza programu nyingine ya ramani, MapPoint, ambayo nayo ilifikia mwisho wake mwaka 2014.

Kwa zaidi ya miaka kumi Excel ikabaki bila ramani ya ndani. Mwaka 2013 ikaja nyongeza iliyoitwa GeoFlow, ikabadilishwa jina kuwa Power Map, na katika Excel 2016 ikaingizwa moja kwa moja ikiwa ramani ya pande tatu. Mwaka 2017 wanaolipia usajili walipata chati ya ramani ya kujaza rangi, ambayo baadaye ikawamo katika Excel 2019. Upande wa Google, Fusion Tables ilianza mwaka 2009, ikapendwa sana na waandishi wa habari na watafiti kwa urahisi wake wa kuweka majedwali kwenye ramani, kisha ikafungwa tarehe 3 Desemba 2019.

Historia hii ina faida kwa anayechagua leo. Aliyefungia kazi yake ndani ya Fusion Tables au MapPoint alilazimika kuihamisha. Aliyekuwa na jedwali safi, lenye safu ya longitudo na safu ya latitudo, alibadilisha mchoraji tu.

Tena majina ya mahali hayatulii. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, likarudia jina la Katanga, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Jedwali la mwaka 2012 lililoandikwa «Katanga» tu haliwezi kuchorwa juu ya ramani ya majimbo 26 ya sasa mpaka mtu akae nalo, mstari baada ya mstari, aamue kila tarakimu ni ya jimbo lipi kati ya hayo manne. Hakuna programu itakayomfanyia kazi hiyo.

Ramani ya kujaza rangi ya Excel

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Unachagua safu ya majina na safu ya tarakimu, unafungua kichupo cha «Insertion», unabofya «Cartes», na baada ya sekunde chache maeneo yamepakwa rangi. Kwa ripoti inayolinganisha nchi, au majimbo ya nchi moja, inatosha kabisa, na ina faida moja kubwa: ramani inabaki ndani ya faili lilelile la hesabu, hivyo tarakimu ikisahihishwa rangi nayo inabadilika.

Mipaka yake imewekwa wazi na watengenezaji wenyewe. Inachora maeneo makubwa tu: nchi, jimbo, wilaya, msimbo wa posta. Haipokei longitudo na latitudo, wala haichori anwani za mtaani. Kuchora ramani mpya au kuongeza mahali papya kunahitaji intaneti, kwa sababu majina hutafutwa katika Bing, huduma ya Microsoft ya kutafuta. Ramani iliyokwisha kuchorwa, hata hivyo, hufunguka bila mtandao. Kwa maeneo yenye tarakimu hutumia mteremko wa rangi mbili au tatu, na huwezi kuyagawa katika madaraja unayoyataka mwenyewe, jambo ambalo huwasumbua watu wa takwimu.

Hata katika ngazi ya majimbo, ambako inafanya kazi vizuri, kuna jina moja la kuangalia kwa makini. Kongo ina jimbo la Équateur, na kwa Kifaransa Équateur ni jina pia la nchi ya Amerika ya Kusini yenye mji mkuu Quito. Jedwali lenye safu moja tu ya majimbo linaiachia programu ikisie. Dawa ni kuongeza safu ya nchi kabla ya safu ya jimbo, na kuiandika kikamilifu, maana neno «Congo» peke yake lina mataifa mawili yanayolidai, moja likiwa na mji mkuu Kinshasa, jingine Brazzaville. Ukiweka safu hizo mbili pamoja, mashaka mengi yanaisha. Kwa komini na kartie, nisingeijaribu.

Ramani ya pande tatu

Katika Excel ya Windows (ya Macintosh haina), chini ya kitufe cha «Carte 3D», kuna chombo kingine chenye nguvu zaidi, na nashangaa ni wangapi wanaolipia Excel bila kujua kwamba wanacho. Kinapokea longitudo na latitudo. Kinachora nguzo, viputo, maeneo na ramani ya joto, yaani rangi inayokolea pale data inapojaa. Kinaelewa safu ya tarehe, hivyo unaweza kuona nguzo zikipanda mwezi hadi mwezi. Na mwisho kinakutengenezea video. Kwa mtu anayekwenda kusimama mbele ya wafadhili akiwa na dakika tano tu, hakuna kingine katika orodha hii kinachokishinda.

Kina sifa mbili ninazoziheshimu zaidi kuliko video. Ya kwanza ni asilimia ya uhakika: chombo kinakwambia ni sehemu gani ya majina yako kimeyapata, na ukibofya hapo kinakuorodheshea yale kilichoyakisia au kuyakosa. Programu inayokiri mashaka yake ni bora kuliko ile inayopaka rangi na kunyamaza. Ya pili ni kwamba kinakubali maeneo maalumu, yaani unaweza kukipa faili la mipaka la aina ya KML au SHP, na hapo hata komini zetu saba zinapata nafasi. Lakini picha ya dunia iliyo chini ya nguzo hizo huletwa na intaneti, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huanza kukwama unapoizungusha.

Google: chati ya Sheets na My Maps

Chati ya ramani iliyo ndani ya Google Sheets inafaa kulinganisha nchi. Anayetaka kuonyesha bei ya unga wa mahindi katika Kongo, Zambia na Tanzania ataipata kwa mibofyo michache, na akiandika misimbo ya herufi mbili, CD, ZM na TZ, badala ya majina, hatachanganyikiwa na Kongo ya Brazzaville, ambayo ni CG. Zaidi ya hapo sina mengi ya kuisifia.

My Maps ni habari nyingine. Unalipakia jedwali, liwe CSV (faili la maandishi matupu), XLSX ya Excel au la Google Sheets, unaionyesha programu safu ipi ni ya latitudo na ipi ni ya longitudo, unachagua safu itakayokuwa jina la kila nukta, na basi. Tabaka moja la kupakia hupokea hadi mistari 2,000, na ramani moja hubeba matabaka 10. Nukta unaweza kuzipa rangi kulingana na safu yoyote, tuseme visima vya foraje vinavyotoa maji kwa kijani na vilivyoharibika kwa nyekundu. Kisha unatuma kiungo kwa WhatsApp, na fundi aliye Ruashi anakifungua kwenye simu yake, anabofya nukta nyekundu, anaona jina la kisima na aina ya pampu. Sijaona njia rahisi kuliko hii ya kumpa mtu wa uwanjani ramani.

Isichofanya ni kupaka maeneo rangi kutokana na jedwali. Ni ramani ya nukta. Na kila kitu kinakaa kwenye seva za Google, jambo linalotaka tafakari kabla hujapakia orodha ya nyumba za wagonjwa. Excel nayo, katika kuchora kwa jina, hupeleka majina ya mahali kwa Bing, na huomba kibali chako kwanza. Wengi hubofya kukubali bila kusoma.

QGIS

QGIS si lahajedwali. Ni programu ya ramani, huru na ya bure, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2009. Naiweka katika ulinganisho huu kwa sababu inasoma majedwali moja kwa moja, XLSX ya Excel na ODS ya LibreOffice, na kwa sababu Calc, lahajedwali ya LibreOffice, ambayo wengi hapa huitumia kwa kuwa haina gharama, haina chati ya ramani. Calc na QGIS pamoja hufanya kazi yote bila kulipa leseni.

Ugumu wake uko mwanzoni. Faili la kuisakinisha ni zito, ni la kupakua usiku au kunakili kwa rafiki kwa kifaa cha USB, si la kununulia mega za simu. Mipaka nayo ni wewe wa kuitafuta: ya majimbo na maeneo hupatikana katika hazina ya data za kibinadamu ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa, iitwayo HDX, na mingine katika OpenStreetMap. Baada ya hapo, mtandao hauhitajiki tena. Ukiwa na kompyuta yenye betri nzuri, umeme ukikatika kazi inaendelea.

Namna inavyolitatua fumbo la Kenya ni ya kawaida kabisa. Unafungua faili la mipaka ya komini, unafungua jedwali lako, unaingia katika sifa za tabaka, kichupo cha «Jointures», na unataja safu ambayo pande zote mbili zinayo. QGIS haiulizi Kenya ni nini duniani. Inachukua neno lililo katika jedwali, inalitafuta katika faili la mipaka, na kama limeandikwa vilevile herufi kwa herufi, inaviunganisha. Kwa kuwa faili hilo lina komini saba tu, Nairobi haina pa kuingilia.

Ila «herufi kwa herufi» ina maana hiyohiyo. «Kenya» yenye nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana kwa macho, si «Kenya». «RUASHI» si «Ruashi». Seli hiyo itabaki tupu na komini yake nyeupe. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha napitisha safu ya majina katika fomula ya SUPPRESPACE, kisha NOMPROPRE, katika Excel ya Kifaransa. Na pale inapowezekana nasahau majina kabisa, natumia misimbo, kwa kuwa msimbo hauna lafudhi wala herufi zenye alama juu kama ile ï ya Kasaï, ambayo faili la CSV lililohifadhiwa vibaya huigeuza alama za ajabu.

QGIS pia hukuruhusu kuchagua madaraja: ya upana sawa, ya idadi sawa, au yanayofuata mapengo ya data yenyewe. Hili si urembo. Annexe inauzunguka mji na ni kubwa kwa eneo kuliko komini zote, ilhali Kamalondo ni kipande kidogo katikati. Ukipaka rangi kwa jumla ya visima, jicho litaona Annexe tu. Gawanya kwanza kwa idadi ya wakazi, katika jedwali, kabla hujafika kwenye ramani. Ushauri huu ni kwa programu zote, lakini QGIS ndiyo inayokupa nafasi ya kuona kosa hilo, kwa kukuonyesha data ilivyotawanyika kabla hujakubali madaraja.

Kwa watu wa afya, suala lenyewe halina mjadala. Tarakimu zao hukusanywa kwa kanda za afya, ambazo ni 519 nchini kote, na kanda hizo hazilazimiki kufuata mipaka ya komini. Kuitegemea chati inayotafuta kwa jina izipate ni kuipa kazi isiyoumbiwa.

Mkato na alama ya kutoa

Kuna balaa moja linalozikumba programu zote, na huku kwetu ni kubwa kwa sababu kompyuta zetu zimewekwa kwa Kifaransa. Simu inaandika latitudo ya Lubumbashi kwa nukta: -11.66. Excel ya Kifaransa inataka mkato: -11,66. Ukibandika tarakimu za simu, Excel inazichukua kuwa maandishi, na dalili yake ni ndogo sana: zinakaa upande wa kushoto wa seli badala ya kulia. Ukihifadhi kwa CSV, kitenganishi cha safu nacho kinakuwa nukta-mkato. Katika QGIS kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachosema kwamba alama ya desimali ni mkato. Kwa programu nyingine ni afadhali kubadilisha mikato yote kuwa nukta kwa «Rechercher et remplacer» kabla ya kupakia.

Alama ya kutoa nayo isidharauliwe, kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta. Lubumbashi iliyo -11.66 na 27.48, ikipoteza alama hiyo, inahamia Sudan, upande wa Kordofan. Longitudo na latitudo zikipishana, inaangukia Sahara Magharibi, kaskazini mwa mji wa Smara. Makosa hayo mawili angalau yanaonekana mara moja. Lililo baya ni la ndugu zetu wa Goma: -1.68 na 29.22 ikipoteza alama ya kutoa inaangukia Ituri, upande wa Mambasa, ndani ya nchi ileile, na mtu anaweza kuipitisha ripoti bila kushtuka. QGIS huongeza utata kwa kuuliza X na Y. X ni longitudo, ingawa mdomoni tumezoea kuanza na latitudo.

Nani achukue ipi

Mwenye usajili wa Microsoft 365 au Excel 2019 na kuendelea, anayeandika ripoti ya majimbo au nchi, asisumbuke na kingine: ramani ya kujaza rangi, pamoja na safu ya nchi, itamtosha. Mwenye Excel ya zamani, ya 2010 kwa mfano, ambayo bado imejaa katika vyumba vya kuchapia, hana kipengele hicho, na kununua leseni mpya kwa ajili ya ramani pekee si matumizi mazuri ya fedha.

Mwenye nukta zilizochukuliwa kwa simu, zisizozidi elfu mbili na zisizo na siri, anayetaka wenzake wazione leo jioni, achukue My Maps. Anayehitaji kuonyesha mabadiliko ya miezi au miaka mbele ya watu, na ana Windows na mtandao mzuri, achukue ramani ya pande tatu.

Kwa jedwali lolote linaloshuka chini ya jimbo, yaani komini, kartie, kanda za afya au parokia, jibu langu ni QGIS, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuifungua. Siku ya kwanza itakwisha yote katika kutafuta mipaka na kusawazisha tahajia za majina. Siku ya pili, akiwa na mipaka yake, jedwali lake na safu moja inayofanana pande zote, ramani ya komini saba itamchukua dakika kumi, na Kenya itakuwa mahali pake, ubavuni mwa Kamalondo.